Jibu la jana chini ya hesabu ya leo

Msimu wa alizeti uliopita nilijiaibisha mwenyewe, na aliyenishika ni mama mhazini wa kikundi chetu kule Kongwa, kwa kikokotoo cha simu ya kitochi.

Hesabu za mizani naziweka kwenye faili moja la maandishi matupu, ndani ya Emacs, programu ya kuhariri maandishi, kwa mtindo wa Org, sehemu yake ya kupanga maelezo na majedwali. Juu kuna maelezo: nani kaleta mzigo, gunia zipi zilikuwa na unyevu. Kisha jedwali, kisha kipande cha msimbo, yaani maagizo kwa kompyuta, hapa kwa lugha ya Python. (Nasema msimbo makusudi, badala ya kulitohoa neno la Kiingereza "code". Hapa Dodoma ukitaja "kodi" watu wanadhani umekuja kudai ya nyumba, au umetumwa na serikali.)

#+name: mizani
| Jumatatu | 412 |
| Jumanne | 368 |
| Jumatano | 467 |

#+begin_src python :var uzito=mizani
return sum(r[1] for r in uzito)
#+end_src

#+RESULTS:
: 1247

Unaweka kishale ndani ya kipande, unabonyeza C-c C-c (kitufe cha Ctrl pamoja na c, mara mbili), Emacs inakuuliza kama kweli unataka kiendeshwe, unakubali, jibu linadondoka chini yake.

Mzigo wa Jumatano ukapimwa upya. Ile 467 ikawa 427. Nikasahihisha jedwali, nikaandika na sababu, nikanakili jibu na kulituma kwenye kundi la WhatsApp. Jioni simu ikaita.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Hizi kilo arobaini zilizozidi umezivuna wapi?"

Nilikuwa nimebadilisha jedwali bila kuendesha kipande tena. 1247 ilikuwa imekaa palepale, imenyooka, kama vile ni jibu la jedwali lililo juu yake.

Mtindo huu wa kuweka maelezo na msimbo pamoja si wangu. Mwanasayansi wa kompyuta Donald Knuth, aliyeandika juu yake mwaka 1984, alitaka programu iandikwe kwanza kwa ajili ya binadamu anayeisoma. Mfumo wake, WEB, ulitoa vitu viwili kutoka faili moja: msimbo wa lugha ya Pascal kwa mashine, na maandishi ya TeX, mfumo wa kupanga kurasa, kwa msomaji. Babel, sehemu ya Org inayoendesha vipande vya msimbo, kazi ya Eric Schulte na Dan Davison, imeongeza kitu ambacho mtu wa hesabu ndogondogo kama mimi nakihitaji zaidi: waraka wenyewe unakokotoa, na unatunza jibu. Lakini jibu likishatua ni maandishi kama maandishi mengine. Halina habari kwamba jedwali limebadilika.

Rafiki yangu mmoja wa Nkuhungu alicheka sana. Kwenye Excel, alisema, namba ingejibadilisha yenyewe. Ni kweli, sina ubishi. Ila nimewahi kupokea faili la Excel la mtu aliyehama kituo, nikakaa asubuhi nzima nafungua kisanduku kimoja kimoja kutafuta fomula, na kwa nini namba fulani ilirekebishwa sikujua hadi leo. Kwangu sababu ya 427 imeandikwa kwa Kiswahili, mstari mmoja juu ya jedwali, na faili linafunguka hata kwenye simu isiyo na Emacs.

Kwa hiyo sijahama. Nilichobadilisha ni kwamba situmi kitu kabla ya kubonyeza C-c C-v b, inayoendesha vipande vyote vya faili toka juu hadi chini. Na chaguo la :session, linaloifanya Python ibaki wazi baada ya kuendesha kipande, nimeliacha kabisa kwenye ripoti, maana linabakiza kumbukumbu ya vitu ulivyokwisha kuvifuta, halafu hesabu inakubali kwako na kukataa kwa mwenzako. Lile swali la Emacs kabla ya kuendesha linachosha, najua, na wengi wanalizima. Mimi nimeliacha, kwa sababu faili la kutumiwa linaweza kubeba kipande cha kufuta nyaraka zako.

Juu ya ripoti siku hizi kuna kipande kingine kidogo kinachochapa tarehe na saa ya kukokotoa. Mama mhazini anakisoma kwanza, halafu anatoa kitochi chake na kujumlisha upya.