Kamera imeshikwa na kompyuta yenyewe

Mteja wa picha za pasipoti ameshakaa kwenye stuli, studio ya Makoroboi foleni imefika mlangoni, kamera imechomekwa USB kwenye kompyuta ya Linux. Unafungua Darktable, programu ya picha, upige ukiona picha kwenye skrini, inakuambia: kamera imeshikwa na programu nyingine. Ipi? Hakuna uliyoifungua!

Ni gvfs, mtumishi wa GNOME (mazingira ya madirisha ya Linux) aliyejituma bila kutumwa. Ameiona kamera, ameipachika upande wa mafaili, na kamera haikubali kushikwa na programu mbili kwa pamoja. Watu wanahangaika kubadilisha waya bure.

Kwenye dirisha la mafaili, bonyeza alama ya kuchomoa pembeni mwa jina la kamera, waya uuache. Ikigoma, fungua terminali (dirisha la kuandikia amri) uandike:

pkill -f "gvfs.*gphoto2"

Kisha tumia gphoto2, programu ya kuongoza kamera kwa amri, kuangalia kama inaonekana: gphoto2 --auto-detect. Jina la kamera litokee. Shida ni kwamba ukizima kamera na kuiwasha, jamaa anaweza kurudi. Ufumbuzi wa kudumu ni huu:

systemctl --user mask --now gvfs-gphoto2-volume-monitor

Baada ya hapo kamera haitajitokeza tena kwenye mafaili, kwa hiyo picha za kwenye kadi zitoe kwa kisoma kadi, ambacho hata hivyo mara nyingi kina kasi zaidi.