Mwanasheria Mkuu aliyeomba kura yangu

Mjomba wangu wa Kisauni, Mombasa, ana swali lake. Tukishamaliza shikamoo na marahaba, bei ya unga na baridi ya huku, hunichokoza: "Na huyo Mwanasheria Mkuu wenu, kateuliwa na nani vile?"

"Tumemchagua sisi, mjomba."

"Sisi kina nani?"

Hapo hucheka peke yake. Ameona marais watano, na kila mara kazi hiyo jina limetoka Ikulu. Siku hizi Bunge nalo huidhinisha, lakini raia anasikia kwenye taarifa ya saa moja kama matokeo ya mpira.

Mimi niko Minneapolis, jimbo la Minnesota, Marekani, na mtu mwenyewe ni Keith Ellison, Mwanasheria Mkuu wa jimbo hili. Mzaliwa wa Detroit, 1963. Alisilimu akiwa chuoni, akaja huku kusomea sheria, akamaliza 1990. Alianza kwenye kampuni kubwa ya mawakili, kisha akaenda kuongoza Legal Rights Center, ofisi inayotetea washtakiwa wasio na pesa. Mwaka 1998 aligombea kiti cha Bunge la Minnesota akabwagwa. 2002 akarudi, akashinda. Mwaka 2006 akachaguliwa kwenda Congress, Bunge la Marekani nzima, Mwislamu wa kwanza. Katika kampeni ile walimfufulia tiketi za maegesho ambazo hakuzilipa kwa wakati, ikabidi aombe radhi. Maegesho! Kwetu mwanasiasa angeiona hiyo kama sifa.

Ila kisa ninachokipenda ni cha kiapo. Mbunge wa Virginia, Virgil Goode, alikuja juu aliposikia jamaa ataapa kwa Msahafu. Ellison hakubishana. Alikwenda Maktaba ya Congress akaazima Qurani iliyotafsiriwa kwa Kiingereza, mali ya zamani ya Rais Thomas Jefferson, naye Mvirginia. Watu wa Pwani wanaijua lugha hiyo: amejibiwa kwa kanga.

Akawa Mwanasheria Mkuu Januari 2019. George Floyd, mtu mweusi, alipouawa na polisi Mei 2020, gavana alimkabidhi yeye kesi, na mtetezi wa washtakiwa akageuka mwendesha mashtaka dhidi ya polisi. Tarehe 20 Aprili 2021 nilikuwa kazini kwenye nyumba ya wazee. Mzee niliyekuwa nikimlisha uji alinishika mkono, kijiko kikabaki hewani, tukasikiliza: ana hatia, ana hatia, ana hatia. Uji ukapoa. Derek Chauvin, polisi aliyemuua Floyd, akapewa miaka 22 na nusu.

Dunia ilimjua hapo. Mimi nilikuwa nimeshaijua ofisi yake kwa jambo dogo zaidi. Nilihama nyumba, landilodi akakalia dipoziti yangu. Ofisi ya Mwanasheria Mkuu hutoa kijitabu cha haki za wapangaji, bure, na ndani imeandikwa kwamba dipoziti irudishwe ndani ya wiki tatu, na riba, la sivyo mwenye nyumba aeleze kwa maandishi kwa nini kaikata. Nilinakili ukurasa ule, nikaupigia mstari kwa kalamu nyekundu, nikauambatanisha na barua. Hundi ilifika. Kisauni niliwahi kung'olewa mlango kwa kodi ya mwezi mmoja. Sheria ya wapangaji ilikuwepo huko pia. Hakuna aliyewahi kuniwekea mkononi.

Msinielewe vibaya, sisemi Kenya tupigie kura kiti hicho. Kingeingia kwenye mgao wa makabila kabla karatasi hazijachapwa. Na hata huku si raha tupu: kampeni za 2022 zilijaa matangazo ya kutishana kuhusu uhalifu, na wakili anayewinda kura anaweza kuchagua kesi kwa jicho la kamera. Ninachokionea wivu ni woga wake wa kukosa kura. Mwaka ule, kati ya kura karibu milioni 2.5, Ellison alimpita mpinzani wake, Jim Schultz, kwa kura zisizofika 21,000. Moja ilikuwa yangu, ya kwanza tangu nipate uraia, na vijana wake walibisha mlangoni kwangu mara mbili kuiomba.

Nilimsimulia mjomba hayo Jumapili.

"Na angekosa?"

"Angefungasha vitu, akatafute wateja kama wakili yeyote."

Kimya. Nilidhani salio limekwisha.

"Mlangoni?" akauliza. "Mara mbili?"