Mke Wangu Aliomba Uraia, Nikahojiwa Mimi

Ujiji, mwanamume akishamaliza kikombe cha pili cha kahawa anakuwa mwanasheria. Kikiingia cha tatu anakuwa mjumbe wa Bunge la Katiba. Mimi huwa nakunywa vinne. Kwa hiyo barua ya wito ilipofika, ikimtaka mke wangu aende kuhojiwa kuhusu maombi yake ya uraia na aongozane na mumewe, sikuona haja ya kutafuta mtu wa kumwandaa. Mwalimu alikuwa humo humo ndani, na hadai mshahara.

Mama watoto ni mtu wa Kalemie, Kongo, ng'ambo ya ziwa. Alikuja Kigoma na mzigo wa vitenge, akashukia Kibirizi, na mimi nilikuwa pale namsubiri mtu mwingine kabisa. Hayo si ya leo. Tumezaa, watoto wanasoma, yeye anauza dagaa na mawese sokoni Mwanga, na kila akigusa jambo lenye karatasi anaulizwa namba ya NIDA. Tukaambiwa njia ipo, inaitwa uraia wa tajnisi. Sharti moja tu ndilo lilimkwaza: nchi yetu haimruhusu mtu mzima kuwa raia wa kwetu na wa kwingine kwa pamoja. Ukiuchukua huu, ule wa zamani unaukana.

"Sasa na rumba nayo minaikana?" akaniuliza.

Nikamwambia sheria haijagusa rumba. Akasema basi tuendelee.

Nikanunua kaunta buku, nikaipiga mistari pembeni kwa kalamu nyekundu, nikaandika juu ya jalada: URAIA. Masomo yalikuwa baada ya isha. Yeye chini kwenye mkeka anachambua dagaa kwenye ungo, mimi kwenye kiti na kijiti mkononi, ingawa hapakuwa na ubao wa kuelekezea.

"Mihimili ya dola ni mingapi?"

"Mitatu. Serikali, Bunge na Mahakama."

"Katiba tunayoitumia ni ya mwaka gani?"

"1977."

"Rais anakaa kipindi cha miaka mingapi?"

"Mitano. Na vipindi visipite viwili."

"Mtu akitaka kugombea urais awe ametimiza umri gani?"

"Arobaini." Akaacha ungo, akanitazama kuanzia kichwani hadi kwenye ndala. "Kumbe ulishapita zamani. Mbona hatukuoni?"

Ndiyo tabu ya kumfundisha mke. Swali linakwenda kwake likiwa la Katiba, linarudi likiwa la nyumbani.

Ili nisimpe maswali mepesi, nikaanza kwenda na lile daftari kijiweni. Pale yupo mwalimu mstaafu, mzee wa bao, ambaye huwa hasemi mpaka watu waharibu kwanza. Nikasoma maswali yangu kwa sauti, watu wakajibu, mambo yakawa matamu. Yeye akasogeza kete zake, akauliza bila kuinua uso: "Tarehe 10 Desemba 1961, siku moja baada ya uhuru, mkuu wa nchi hii alikuwa nani?"

Kijiwe kizima: "Nyerere!"

"Nyerere alikuwa Waziri Mkuu. Mkuu wa nchi alikuwa Malkia Elizabeth wa Pili. Rais tumempata Tanganyika ilipokuwa Jamhuri, 9 Desemba 1962."

Hapo pakachafuka. Muuza kashata akataka kujua kama ina maana bendera ilipandishwa na bado tukabaki na Malkia. Mwingine akasema hayo ni maneno ya wapinzani. Mzee akaongeza kuni: mwaka 1962 wenyewe, kabla ya Jamhuri, Waziri Mkuu alikuwa nani? Kimya. Akasema Kawawa, kwa sababu Nyerere alijiuzulu Januari ya mwaka huo akaenda kujenga chama. Halafu akanigeukia mimi, na daftari langu.

"Tanganyika na Zanzibar zilipoungana 26 Aprili 1964, nchi iliitwaje?"

Nikanyoosha kidole kabisa. "Tanzania!"

"Jamhuri ya Muungano wa Tanganyika na Zanzibar. Hilo la Tanzania limekuja Oktoba."

Nikayaandika yote, nikawaeleza wenzangu kwamba nilikuwa nampima mzee.

Ngao ya Taifa nayo ilituchukua jioni nzima. Kwamba pana mwanamume na mwanamke wameshika pembe za ndovu, kwamba wamesimama juu ya Mlima Kilimanjaro, kwamba chini imeandikwa Uhuru na Umoja, hayo hayakuwa na mgogoro. Mgogoro ni nani kati yao ana karafuu miguuni na nani ana pamba. Tukaileta ile barua ya wito, maana ina nembo juu. Lakini ilikuwa kopi ya kopi, na wale watu wawili walionekana wamesimama kwenye moshi. Mke wangu alipoelezwa akasema kwa kifupi kwamba karafuu ni za baba, pamba ni za mama. Amejuaje? Amefungua picha kwenye simu ya binti yetu.

Hapa lazima niseme kitu kuhusu huyo binti. Yuko darasa la sita, ana mdomo. Usiku ambao mimi nilikuwa na udhuru (Simba ilikuwa inacheza, na kuna udhuru mkubwa kuliko huo?) yeye ndiye aliyeshika kijiti. Wakaendelea hivyo usiku mwingine, na mwingine. Mimi nikawa nasikia tu kutoka barazani sauti za mambo ambayo sikuyafundisha. Siku moja naingia jikoni, namkuta mama watoto anageuza migebuka kwenye mafuta huku anahesabu mambo ya Muungano. Yalianza 11 mwaka 1964, sasa yapo 22, na alikuwa anayataja kwa mpangilio kama mtu anayesoma uradi.

"Uraia la sita, uhamiaji la saba," akasema, akapindua samaki. "Papa, kumbe mimi mwenyewe ni jambo la Muungano."

Nikaona mwanafunzi ameiva, nikafunga daftari. Sikulifungua tena.

Siku ya siku nikavaa koti la harusi. Vifungo vilikataa, nikaliacha wazi kwa makusudi. Yeye akavaa kitenge kipya na kilemba cha kikwao, kile cha kusimama. Ofisi yenyewe sitaitaja. Chumba kilikuwa na feni inayogeuka nusu na kurudi, mama mmoja afisa mwenye miwani, na kijana wa kuandika.

Yule mama alikuwa mpole hadi nikasikitika kwamba tumekariri bure. Aliuliza amezaliwa wapi, amevuka lini, watoto wangapi, mwenyekiti wa mtaa wetu ni nani, jirani akifiwa yeye hufanya nini. Mke wangu akajibu yote, na lile la msiba akalijibu mpaka ukubwa wa sufuria. Kisha ikaja mihimili ya dola, ikaja Katiba, vyote akavipokea na kuvirudisha.

"Wimbo wa Taifa unaujua, mama?"

"Ndiyo, afande."

"Ubeti wa pili."

Akasimama. Sasa ukisikia Wimbo wa Taifa hubaki umekaa, kwa hiyo afisa akasimama, kijana akasimama na kalamu yake, mimi nikasimama nikifunga koti kwa mkono. Aliyekuwa anapita mlangoni na chupa ya chai naye akaganda hapo hapo. Mama watoto akaimba, na sauti anayo, alikuwa kwaya huko Kalemie. Alipomaliza tukakaa. Mama wa miwani akanigeukia.

"Baba, nilikuwa naangalia mdomo wako. Mwenzio alikuwa kwenye Tanzania, wewe bado ulikuwa kwenye Afrika."

Nikacheka, nikidhani ni utani wa kuvunja baraza. Nikamwambia asiwe na wasiwasi, mimi ndiye niliyemfundisha.

"Aa, ndiye mwalimu! Basi tusaidie na wewe. Tanzania ina mikoa mingapi?"

"Ishirini na mitano," nikajibu, haraka na kwa sauti, kama tulivyoimbishwa shule ya msingi.

Mke wangu akakohoa. Mpaka leo nasema jibu lile lilikuwa sahihi siku niliyofundishwa. Ishirini bara, mitano Zanzibar. Wao ndio walioanza kukata: Manyara ikatolewa Arusha 2002, ikaja 2012 na Geita, Katavi, Njombe na Simiyu kwa mpigo, halafu Songwe 2016. Imefika 31, na hakuna aliyepita Ujiji kutuambia.

"Haya, tuache nchi nzima. Mkoa wako wa Kigoma una wilaya ngapi?"

Nikataja Kigoma, Kasulu na Kibondo, nikanyamaza kwa heshima. Nyuma yangu nikasikia mnong'ono wa kike: "Uvinza, Buhigwe, Kakonko." Afisa akasema kuibiana majibu hakuruhusiwi, ila alikuwa ananiambia mimi, siyo yeye.

Nikaona nikikaa hivi naaibika. Nikaomba niulizwe historia. Akakubali: "Siku tulipopata uhuru, mkuu wa nchi alikuwa nani?"

Moyo ukaruka. "Malkia Elizabeth wa Pili!"

Nilipiga kelele hadi kijana akaacha kuandika. Mama akavua miwani, akaifuta, akairudisha. "Ni kweli," akasema polepole. "Lakini baba, Malkia unamjua, Kakonko huijui?"

Kuanzia hapo maswali yakahama. Watu wa Kigoma wanajua maswali yanahamia wapi.

"Babu yako mzaa baba alizaliwa wapi?"

"Ujiji."

"Na baba yake huyo babu?"

Mtu mwenye akili hapa angesema naye Ujiji, akaomba maji. Lakini mimi ni Mmanyema, na Mmanyema akiulizwa ukoo hajibu, anasimulia. Harusini kwetu wazee husimulia hili jambo kwa kujigamba, na mimi nimelisikia tangu mdogo. Mdomo ukaondoka peke yake.

"Huyo alitoka Kongo, afande! Manyema yenyewe! Alivuka ziwa na misafara ya pembe za ndovu, akafika Ujiji akaipenda, akajenga."

Feni ikaenda, ikarudi. Mke wangu akageuza kilemba taratibu mpaka kikanielekea.

"Weye," akasema. "Miaka yote hii unaniita mimi mugeni."

Kijana wa kuandika akainua kalamu. Alikuwa anauliza kwa nia njema kabisa: "Mama, fomu hii niandike mwombaji ni nani?"

Nikaanza kueleza kwamba hayo ni ya karne nyingine, kwamba Ujiji nzima iko hivyo, kwamba ukianza kurudisha Wamanyema mitaa mingine itabaki na mbuzi tu. Kila nilipoeleza, kijana aliandika. Aliyeniokoa ni mwombaji. Akasimama tena, nikadhani anaimba.

"Afande, naomba niseme. Huyu amezaliwa hapa. Baba yake amezaliwa hapa hapa Ujiji, na mama yake vilevile. Uraia uko wa kuzaliwa, wa kurithi na wa tajnisi. Huyu wake ni wa kuzaliwa. Mimi minamujua, ni mutu muzuri, hana kesi. Mikoa tu ndiyo haijui. Minamudhamini."

Yule mama akajifunika uso na faili. Mabega yalikuwa yanatikisika. Alipolishusha alikuwa amerudi kazini, akamwambia mke wangu kwamba amejibu vizuri, faili litakwenda mbele kwa wanaoamua, asubiri kuitwa. Akamshika mkono. Mimi akaniambia, siyo kwa ubaya, ni kwa ajili ya kukamilisha faili la mkeo, siku ukirudi njoo na cheti chako cha kuzaliwa, na cha baba kama kipo.

Cha baba! Baba alizaliwa wakati watoto wanahesabiwa kwa mafuriko na nzige. Itabidi nimtafute shangazi, ndiye mkubwa aliyebaki, twende naye akanilie kiapo. Shangazi mwenyewe namjua, akishika biblia au msahafu na watu wakamsikiliza, ataanzia Manyema.

Tukatoka nje. Jua lilikuwa kali na koti likanishinda, nikalivua. Mke wangu alikuwa anatembea mbele yangu hatua mbili, kilemba juu, anasalimia watu asiowajua. Akasimamisha bodaboda.

"Ujiji bei gani, mwanangu?"

"Mko wawili, mama? Hapo mishikaki, utaongeza kidogo."

"Sitaongeza. Huyu mwenzangu bado karatasi zake hazijakamilika." Akapanda katikati, akajipanga vizuri na kitenge chake, akanipigia kofi kiti cha nyuma. "Panda, Mkongomani."

Bodaboda akageuka kunitazama kwa makini. "Kwani mzee wewe wa wapi?"

Nikamwambia aangalie barabara.