Mnanisikia Jamani?

"Mnanisikia? Mnaona skrini yangu?" Siku hizi hapa Dar hakuna mkutano wa mtandaoni unaoanza bila dua hiyo. Zoom ya bure inakata ikifika dakika ya 40. Mtoa mada anamaliza tano akiuliza kama anasikika, tano nyingine "tuwasubiri wenzetu", halafu analalamika muda haukutosha! Ingia robo saa kabla, bwana. Mwombe mtu mmoja, mmoja tu, akwambie kama sauti inafika. Muda ukifika, anza. Hao wenzetu wako kwenye foleni ya Ubungo, watatukuta mbele.

Haya, sauti, maana hapo ndipo tunapoteswa. Sura yako tukiikosa hatufi, lakini sauti ikikatakata, mkutano ndiyo umekwisha. Mtu ana laptopu ya milioni mbili, anategemea maiki iliyozikwa ndani yake, nusu mita kutoka mdomoni, na pangaboi juu liko namba tano. Maiki ile haina ubaguzi. Inaokota pangaboi, inaokota jogoo wa jirani, inamwokota na yule wa baiskeli mwenye kipaza sauti, "dawa ya panya, dawa ya mende, dawa ya kunguni." Sisi tunatoka kwenye semina ya bajeti tunajua bei ya kunguni. Hedifoni za waya za elfu tano tu, zenye kimaiki kwenye waya, zinaishinda mashine hiyo kwa sababu kimaiki kiko karibu na mdomo. Ila kisiguse kola ya shati, la sivyo ni kwaruza-kwaruza mada nzima. Za bila waya zichaji kabla: zikizima katikati, sauti inarukia spika za laptopu na wewe huna habari.

Halafu kuna huyu aliyeingia kwa simu na laptopu, vyote chumba kimoja, "kwa usalama". Sauti inatoka spika ya simu, inaingia maiki ya laptopu, inatoka tena, inaingia tena, mpaka panakuwa na mlio wa kutoboa masikio. Kifaa cha pili ni kizuri kwa kuangalia wenzako wanaona nini, lakini usikiunganishe na sauti kabisa. Kuzima maiki peke yake hakutoshi, spika inaendelea kubwabwaja.

Bando nalo. Watu wanapima kasi ya kupakua, wanaridhika. Wewe mtoa mada unapandisha, yaani unatuma sauti na picha kuja kwetu, na kupandisha mara nyingi ndiko dhaifu. Pima hiyo. Mtandao ukianza kuyumba, zima kamera. Video ndiyo mlaji, sauti inatosheka na kidogo. Na hotspoti usiitoe kwenye laini ambayo shangazi wa Mbagala anaijua! Simu ikiingia, kwenye simu na laini nyingi data inashuka au inasimama, hata kama iliyopigiwa ni laini ya pili. Kuzima mlio hakusaidii kitu, simu imeshaingia. Unaganda mdomo wazi, na sisi tunapiga picha. Simu ya hotspoti iwe na laini moja tu, isiyojulikana na ukoo. Umeme ukikatika kuna vibetri vya ruta, vinauzwa. Soma volti chini ya ruta yako, nyingi ni 12, ununue kinacholingana. Ukizidisha, umeichoma.

Dirisha liwe mbele yako, si mgongoni. Likiwa mgongoni tunaona kivuli kinaongea, kama shahidi aliyefichwa sura.

Slaidi sasa. Jedwali lina safu 14, herufi namba 10, na mtu anasema "kama mnavyoona". Tunaona nini? Nusu yetu tuko kwenye mwendokasi tumesimama, kioo cha simu kimepasuka. Weka herufi kuanzia 28, jambo moja kwa slaidi, kisha ifungue kwenye simu yako mwenyewe uone kama hukodoi macho. PDF itume WhatsApp kabla. Ukishea, shea dirisha la slaidi pekee, si skrini nzima, usije ukatusomesha ujumbe wa kikoba wanaokudai. Na kama kuna video, weka alama kwenye kile kisanduku cha kushea sauti, vinginevyo tunaangalia bubu.

Mwisho, "kuna swali?" Anahesabu sekunde mbili, "basi asanteni." Jamani! Sauti inachelewa, na mtu bado anatafuta kitufe cha maiki kwa kidole gumba, mkono mwingine kashika bomba la basi. Subiri sekunde 10 hata kama kimya kinakuuma. Atakayewahi kujitokeza unamjua: "Mimi sina swali, nina mchango." Mpe dakika moja, na mwenyeji wa mkutano kidole kiwe tayari kwenye kitufe cha kumzimia maiki.