Kuahirisha si uvivu

Ukiahirisha jambo, watu hukuita mvivu. Neno hilo silikubali.

Mwaka huu nilikaa wiki tisa bila kwenda Likoni kumpa pole khalati yangu aliyefiwa na mume. Maziko yalinipita nikiwa Nakuru kikazi. Niliporudi Mombasa nikasema nitavuka kesho. Feri haina nauli kwa anayevuka kwa miguu. Khalati mwenyewe yuko edani, yaani mjane wa Kiislamu hukaa nyumbani miezi minne na siku kumi, kwa hiyo hata kisingizio cha kutomkuta nyumbani sikuwa nacho. Na si kwamba nililala. Jumamosi moja nilifua mapazia yote, nikatengeneza bomba lililokuwa likivuja tangu Ramadhani, kisha nikaketi juu ya mbuzi nikakuna nazi ambazo hakuna aliyenituma. Mvivu gani huyo?

Nilichokuwa nikikimbia ni aibu, nayo ilikuwa ikikua. Mwanzo swali lilikuwa mbona hukuja mazikoni. Baadaye likawa mbona hukuja mpaka leo.

Mtafiti Piers Steel, mwaka 2007, alieleza kuwa kuahirisha ni kuchelewesha kwa hiari jambo ulilokusudia, huku ukijua utaumia kwa kulichelewesha. Hapo kwenye "huku ukijua" ndipo penye uchungu. Nahodha wa jahazi aliyekaa Bandari ya Kale akingojea kusi impeleke Arabuni hakuwa akiahirisha. Alijua anangoja nini. Mimi sikuwa na upepo wowote niliokuwa nikiungojea. Mwaka 2013 Fuschia Sirois na Timothy Pychyl waliandika kwamba mtu wa namna hii hutafuta nafuu ya moyo ya sasa hivi, mzigo akamwachia yeye yule wa kesho.

Ndiyo maana "linalowezekana leo lisingoje kesho" halijanisaidia hata siku moja. Linamkaripia mtu kwa jambo analolijua tayari. "Ngoja ngoja huumiza matumbo" limegusa penyewe, maana tumbo ndilo lililokuwa likinikaza kila nikiiona simu ya khalati.

Mwisho nilimwambia dada yangu tuvuke pamoja, na nikaacha kutunga maneno ya kujitetea. Tulifika baada ya alasiri. Khalati alisogeza mkeka, akanishika mkono, akauliza kama nimekula.