Hesabu ya Miche Isifungwe Jumapili Jioni

Shutuma dhidi ya wikendi za kupanda miti zimezoeleka kiasi kwamba hata wanaoshiriki wameanza kuziamini. Watu hukusanyika Jumamosi kwenye shamba lililochakaa, huchimba mashimo, hupanda miche elfu moja au mbili, hupiga picha, na kufikia Jumapili jioni kila mmoja amerudi kwake. Miezi sita baadaye sehemu kubwa ya miche imekauka, mbuzi wamemaliza iliyosalia, na mwenye shamba yuko palepale alipokuwa. Kwa wanaotoa shutuma hizi, shughuli ya namna hiyo ni sherehe tu, na fedha zake zingefaa kupelekwa kwingine. Shutuma zina ushahidi, na haifai kuukwepa. Hata hivyo naona kwamba zinapima kitu kimoja kisha zinatoa hukumu juu ya kingine, na anayeumizwa na hukumu hiyo ni mkulima ambaye udongo wake unasombwa kila mvua inaponyesha.

Tuanze na ushahidi wenyewe. Tarehe 11 Novemba 2019 Uturuki ilipanda miche milioni 11 kwa siku moja, katika maeneo zaidi ya 2,000. Miezi michache baadaye chama cha wafanyakazi wa kilimo na misitu kilieleza kwamba katika maeneo kilichoyakagua, hadi asilimia 90 ya miche ilikuwa imekufa, kwa kuwa ilipandwa wakati usiofaa na ikakosa maji. Wizara husika ilijibu kwamba asilimia 95 ilikuwa hai. Msomaji anaweza kuchagua wa kumwamini, lakini tofauti kubwa kiasi hicho inathibitisha jambo moja: siku ya kupanda iliandaliwa kwa umakini kuliko siku ya kuhesabu. Kaskazini mwa India, utafiti uliochapishwa mwaka 2021 kuhusu jimbo la Himachal Pradesh ulikuta kwamba miongo kadhaa ya upandaji miti ulioendeshwa na serikali haikuongeza kwa kiwango cha maana eneo lililofunikwa na miti, wala haikuwaletea wanavijiji nafuu iliyotarajiwa.

Takwimu inayostahili kutafakariwa zaidi, hata hivyo, ilitoka mwaka 2022, watafiti walipokusanya kumbukumbu za maeneo 176 ya misitu iliyorejeshwa katika nchi za joto za Asia. Kwa wastani asilimia 18 ya miche ilikufa ndani ya mwaka wa kwanza, na baada ya miaka mitano iliyokufa ilikuwa imefikia asilimia 44. Ni rahisi kuisoma namba hiyo ya mwisho na kufunga mjadala: karibu nusu imepotea, basi kazi ilikuwa bure. Lakini tuzitazame namba zote mbili kwa pamoja. Ikiwa pointi 18 kati ya 44 ndizo za mwaka wa kwanza, basi pointi 26 zinazobaki ni za miaka minne iliyofuata. Maana yake ni kwamba zaidi ya nusu ya hasara yote ilitokea baada ya mwaka wa kwanza, yaani katika kipindi ambacho miradi mingi imekwisha kuandika ripoti yake na kuondoka. Mche uliopandwa vibaya huwa hausubiri mwaka wa tatu. Hufa katika kiangazi chake cha kwanza. Unaokufa mwaka wa tatu umeuawa na magugu, moto, mifugo, ukame, au kwa kukosa mtu wa kuutazama. Kwa hiyo takwimu ambayo hutumiwa kuulaumu mkono uliochimba shimo Jumamosi inazungumzia zaidi miaka ambayo hakuna mkono wowote uliorudi.

Yako mambo mengine mawili ndani ya namba hiyo. La kwanza ni kwamba wastani unaficha tofauti kubwa: yalikuwapo maeneo ambako miche michache sana ilinusurika, na mengine ambako mingi iliishi. La pili ni kwamba maeneo hayo ni misitu. Shambani hali ni nyingine. Msitu uliorejeshwa unaweza kukaa wiki nyingi bila kupitiwa na mtu, ilhali mpaka wa shamba, tuta la kuzuia maji na ukingo wa korongo hupitwa na mwenyewe kila siku anapokwenda kulima. Simaanishi kwamba shamba ni mahali salama kwa mche, maana ng'ombe walioachiwa kula mabua baada ya mavuno wanaweza kufuta kazi ya wikendi nzima kwa asubuhi moja. Nasema kwamba shambani yupo mtu mwenye sababu ya kujali, na sababu hiyo ndiyo inayokosekana katika maeneo mengi ambayo takwimu za vifo hutolewa.

Hapa ndipo wikendi ya kijamii inapoeleweka vibaya zaidi. Wakosoaji huuliza kwa nini mkulima asipande mwenyewe, kidogo kidogo, bila umati. Swali hilo linasahau kalenda ya kilimo. Mahali ambapo kilimo kinategemea mvua, wakati mzuri wa kupanda mche ni mfupi: udongo uwe umelowa vya kutosha, na mvua iliyobaki iwe ndefu ya kutosha mizizi kushuka kabla ya kiangazi. Majuma hayo machache ndiyo pia ya kupanda mazao na ya palizi ya kwanza. Kaya yenye shamba lililochoka huwa ndiyo isiyo na fedha ya kuajiri vibarua, na kila siku inayochelewa kupanda mazao hupunguza mavuno yake. Kumtaka mkulima huyo aache mazao ya msimu huu ili achimbe mashimo mia tatu kwa faida itakayoonekana baada ya miaka saba ni kumtaka alipie mustakabali kwa njaa ya sasa. Watu arobaini wakija Jumamosi na Jumapili, kazi ambayo ingemla wiki mbili humalizika kwa siku mbili, tena ndani ya muda unaofaa. Sijaona hoja ya wakosoaji inayoligusa jambo hili.

Kuhusu madai kwamba wageni hawajui kupanda, ni kweli, lakini si ujuzi wa miaka. Shimo huchimbwa kwa kutenga udongo wa juu upande mmoja na wa chini upande mwingine, kwa sababu ule wa juu, wenye rutuba kidogo iliyobaki, ndio unaotangulia kurudishwa kuzunguka mizizi. Kiriba, yaani kifuko ambamo mche uliooteshwa, huchanwa na kuondolewa chote. Mizizi iliyojizungusha chini hukatwa kwa kisu, la sivyo itaendelea kuzunguka hivyo hivyo hadi mti uanguke ukiwa mkubwa. Shingo ya mche ikae usawa wa ardhi, udongo ushindiliwe kwa kisigino, na kwenye mteremko lijengwe tuta dogo la nusu duara upande wa chini ili maji yasimame yasikimbie. Mwenyeji anayejua kazi huwafundisha watu kumi haya yote kwa dakika chache, kisha hupita nyuma yao akikagua. Kinachohitajika ni uwiano: wajuzi wachache kwa kila kundi, na miche isiyozidi ile inayoweza kukaguliwa. Umati usio na msimamizi ni kosa la waandaaji, nalo linarekebishika.

Hoja nzito zaidi ya upande wa pili haihusu vifo hata kidogo. Inasema kwamba mara nyingi hakuna haja ya kupanda. Mwaka 1983, katika eneo la Maradi nchini Niger, mtaalamu wa kilimo kutoka Australia, Tony Rinaudo, baada ya miaka ya kupanda miche iliyokufa, alitambua kwamba vichaka vilivyotapakaa mashambani vilikuwa ni visiki vya miti iliyokatwa, vyenye mizizi hai chini ya ardhi. Wakulima wakaanza kuchagua machipukizi machache kwenye kila kisiki, kuyapogolea na kuyalinda, na kwa miongo miwili iliyofuata miti ikarudi kwenye takriban hekta milioni 5, bila kitalu na bila kiriba. Nchini Tanzania mbinu hiyo inajulikana kama kisiki hai. Ni nafuu, mti wake una mizizi iliyokwisha kukomaa, na unahimili ukame kuliko mche wowote. Palipo na visiki hai, anayeleta lori la miche kabla ya kuvitazama amekosea, na katika hilo nakubaliana na wakosoaji bila masharti.

Tatizo ni kwamba si kila shamba lina visiki. Katika ukanda wa ngano wa Australia Magharibi, misitu yenye mizizi mirefu ilifyekwa na mahali pake yakapandwa mazao ya mizizi mifupi, ambayo hayanywi maji mengi kama miti ilivyokuwa ikinywa. Maji ya chini ya ardhi yakapanda, yakaja na chumvi iliyokuwa imetulia huko chini, na zaidi ya hekta milioni moja zimeathirika. Kwenye ardhi iliyolimwa kwa trekta vizazi vitatu hakuna kisiki cha kuchipua wala mbegu iliyolala. Hali ni hiyo hiyo kwenye kingo za makorongo ambako udongo wa juu umekwisha kwenda mtoni. Hapo lazima mtu apande, na swali linabaki ni nani, na lini.

Lakini Australia hiyo hiyo inatoa funzo linalopunguza matumaini. Vikundi vya Landcare, vilivyoanzia jimbo la Victoria mwaka 1986, vimewaunganisha wakulima na watu wa mijini katika kupanda miti kwa miaka mingi, na wataalamu wa maji ya ardhini wamekuwa wakieleza kwamba mistari ya miti kando ya mashamba haitoshi kuishusha chumvi. Ingehitajika kurudisha miti kwenye sehemu kubwa ya bonde zima. Hilo halipingiki. Wikendi moja haiponyi bonde. Inaweza kuzuia upepo usipeperushe udongo, kuwapa kondoo kivuli, kulishika korongo lisizidi kupanuka, na kurudisha ndege na wadudu wachavushaji kwenye shamba moja. Anayewaahidi washiriki zaidi ya hapo anawapotosha, na ahadi za aina hiyo zimechangia kuharibu jina la kazi yenyewe.

Aina ya miti ni suala jingine, nami nitalipitia kwa ufupi. Lengo likiwa ni idadi, kitalu huzalisha kinachoota haraka, na mikaratusi iliyopangwa mistari hujikuta ikigombania maji na mazao ya jirani. Mti wa shambani huchaguliwa kwa tabia yake. Faidherbia albida, jamii ya mgunga, hupukutisha majani wakati wa mvua na kuchipua kiangazi, hivyo hauyatii mahindi kivuli yanapohitaji jua, na huongeza naitrojeni kwenye udongo. Orodha ya aina za miti inapaswa kutoka kwa mwenye shamba kabla kitalu hakijaanza kujaza viriba, na hilo linamaanisha mazungumzo ya miezi sita au zaidi kabla ya wikendi.

Linalobaki ni nani anarudi, na hapo suala la umiliki na la fedha hukutana. Kwa miaka mingi sheria za Niger zilizorithiwa kutoka kwa wakoloni ziliufanya mti kuwa mali ya serikali hata ukiwa katikati ya shamba la mtu, na miti ilianza kulindwa kwa wingi pale wakulima walipoanza kuamini kwamba wataivuna wenyewe. Katika jamii nyingi mpangaji wa shamba haruhusiwi kupanda miti kwa sababu mti huhesabika kuwa dai la umiliki, na wanawake wanaolima ardhi ya waume au ndugu wako katika hali inayofanana. Waandaaji wanaokuja na majembe bila kuuliza ardhi ni ya nani wanaweza kumwachia mlimaji mgogoro badala ya miti. Wanaouliza mapema huwakutanisha mwenye ardhi, mlimaji, majirani wenye mifugo na kiongozi wa eneo, na nafikiri makubaliano ya mkutano huo yana uzito kuliko mashimo yote yatakayochimbwa.

Upande wa fedha, mfano upo tangu zamani. Harakati ya Green Belt, iliyoanzishwa na Wangari Maathai nchini Kenya mwaka 1977, iliwalipa wanawake kiasi kidogo kwa kila mche uliokuwa hai, si kwa kila mche uliotiwa ardhini. Wafadhili wengi wa leo wamefanya kinyume: hulipa kwa idadi iliyopandwa, hutaka picha, na bajeti huishia hapo. Wikendi iliyopangwa vizuri ingegawa fedha zake sehemu tatu: moja ya kupanda, moja ya kurudi mwishoni mwa kiangazi cha kwanza ili kuhesabu, kupalilia na kujazia mapengo, na moja ya mwaka wa tatu, wakati ambao magugu, moto na mifugo ndivyo vinavyoamua. Idadi ya miche kwa kila wikendi ingepungua, pengine kwa zaidi ya nusu, na ripoti ingechelewa miaka mitatu. Kikundi kisichoweza kumpata mfadhili wa kukubali masharti hayo ni afadhali kipande miche hamsini ambayo mwenye shamba amesema kwa kinywa chake kwamba ataweza kuitunza.