Cheti cha jengo la kijani kitolewe kwa mchoro au kwa mita?

Mwaka 2009 watafiti wa Kanada wakiongozwa na Guy Newsham walichambua upya takwimu za matumizi halisi ya nishati katika majengo 100 ya biashara na taasisi yenye cheti cha LEED, mfumo wa Marekani wa kutambua majengo ya kijani, yaani yanayookoa nishati na kulinda mazingira. Kwa wastani, kila mita ya mraba ilitumia nishati pungufu kwa asilimia 18 hadi 39 kuliko majengo ya kawaida. Hesabu hiyohiyo ikaonyesha kuwa asilimia 28 hadi 35 ya majengo yenye cheti yalitumia nishati nyingi kuliko yale ya kulinganishia. Wanaotetea vyeti huitaja namba ya kwanza, wanaovipinga huitaja ya pili. Mimi naona jambo la tatu walilolibaini ndilo zito zaidi: daraja la cheti, na hata alama za nishati ambazo jengo lilipata likiwa bado kwenye mchoro, havikuwa na uhusiano wa maana na kilichosomwa kwenye mita.

Chanzo kimo ndani ya hesabu ya alama za cheti. Katika LEED toleo la 4, jengo jipya huundiwa modeli mbili za kompyuta: moja ya jengo lililosanifiwa, nyingine ya jengo la kufikirika linalotimiza ASHRAE 90.1 ya 2010, kiwango cha nishati cha chama cha wahandisi wa Marekani. Toleo hilo lilipotoka mwaka 2013, la kwanza likiwa bora kwa asilimia 5, sharti la chini lilikuwa limetimizwa. Likizidi hapo, liliweza kukusanya hadi alama 18 kati ya 110. Alama 40 zinatosha kupata cheti, 60 ni dhahabu, 80 ni platinamu. Modeli hudhani taa zinazimwa kwa wakati, feni zinafuata ratiba na madirisha yamefungwa sawasawa. Hakuna anayedanganya hapo. Ni makadirio, na makadirio hayana fundi wa zamu.

Chukua feni moja ya kusambaza hewa yenye mota ya kilowati 15. Mchoro unasema itaendeshwa saa 12 kwa siku kupitia kidhibiti cha kasi, na hapo ndipo akiba kubwa inapotoka, kwa sababu nguvu ya feni hufuata kipeo cha tatu cha kasi (kasi × kasi × kasi): kasi ikishuka hadi asilimia 80, umeme unashuka hadi karibu nusu. Siku moja watu wa ghorofa ya juu wanalalamikia joto. Fundi anafungua paneli ya umeme ya feni, anazungusha swichi kutoka otomatiki kwenda mkono, feni inaenda kasi yote, malalamiko yanakwisha. Swichi hairudishwi. Saa 12 za ziada kila siku ni kWh 180, na kwa mwaka ni kWh 65,700. Mahali penye jua zuri, kilowati 1 ya paneli za jua hutoa takriban kWh 1,500 kwa mwaka. Swichi hiyo peke yake, basi, imemeza kazi ya paneli za kilowati 44 zilizowekwa juu ya paa kwa ajili ya alama.

Hata hivyo siwezi kuungana na wanaosema cheti ni karatasi tu. Bila sharti lililoandikwa, gharama zinapobana, vitu visivyoonekana ndivyo vinavyofutwa kwanza: kihami joto cha paa, kizuizi cha plastiki ndani ya fremu za alumini (alumini hupitisha joto mara mamia kuliko plastiki hiyo), mita ndogo za kupima kila mfumo peke yake, na siku za kupima mitambo kabla ya kukabidhi jengo. LEED hulazimisha upimaji huo wa mitambo na mita ya nishati ya jengo zima. Asiyevitimiza hapati cheti hata akiwa na alama 100. EDGE, mfumo mwingine wa vyeti ulio wa IFC, shirika lililo chini ya Kundi la Benki ya Dunia, unadai akiba ya angalau asilimia 20 katika mambo matatu: nishati, maji, na vifaa vya ujenzi. Cheti cha mwisho hutolewa baada ya mkaguzi kuliona jengo lilivyojengwa. Hilo ni muhimu, kwa sababu kioo kilichoandikwa kwenye mchoro kuwa kinapitisha robo ya joto la jua kinaweza kubadilishwa na kinachopitisha nusu, na kwa macho huwezi kuvitofautisha. Dawa ni kupiga picha lebo za vioo kabla hazijabanduliwa na kuzilinganisha na hati ya mtengenezaji.

Lawama ya kwamba sehemu ya kuegesha baiskeli hupewa alama sawa na alama moja ya nishati naiona nyepesi. Cheti hupima mambo mengi, na usafiri ni mojawapo. Kosa ni la anayemwambia mpangaji kwamba platinamu maana yake ni bili ndogo.

Mfumo wa NABERS wa Australia hufuata njia nyingine: nyota hutolewa kwa matumizi yaliyopimwa kwa miezi 12. Wanaoupinga wana hoja. Mjenzi anayeuza mapema hana cha kuonyesha, na mpangaji mwenye chumba cha seva anaweza kumharibia mwenye jengo. NABERS hupunguza tatizo hili la pili kwa kutenganisha huduma za pamoja na matumizi ya wapangaji, na kwa kuzingatia saa za kazi. Lakini utengano huo unahitaji nyaya zilizopangwa tangu mwanzo. Taa, soketi na viyoyozi vikichanganywa kwenye bodi moja ya umeme, hakuna mita itakayovitenga baadaye bila kubomoa. Kosa lingine la kila mara ni transfoma ya mkondo (kifaa kinachovishwa kwenye waya ili mita isome umeme unaopita) kufungwa kinyume, hivyo fezi moja ikatolewa badala ya kujumlishwa. Jumlisha mita ndogo zote za mfumo mmoja na ulinganishe na mita kuu. Tofauti ikiwa kubwa, anza kukagua hapo kabla ya kuamini takwimu yoyote.

Kwa maoni yangu cheti cha mchoro kibaki, ila kiwe cha muda. Daraja la kudumu lingoje mwaka mzima wa mita, na sehemu ya malipo ya mkandarasi wa mitambo izuiwe hadi hapo. Katika mwaka huo usomaji unaofaa kuanza nao ni wa saa nane usiku, jengo likiwa tupu: weka namba hiyo kando ya ile ya saa nne asubuhi, na ikiwa imeshuka kidogo tu, nenda kwenye paneli za feni ukatazame kila swichi imeelekezwa wapi.